Kona ya Bustani: Koreopsisi, ua la njano lisilotaka kudekezwa

Toleo lililopita niliweka picha moja tu ya koreopsisi na mistari minne hivi chini yake, nikaendelea na mambo yangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na meseji zimemiminika mpaka mhariri kaniita, kaniambia Shangazi hebu wajibu hawa watu wako kabla hawajahamia ofisini. Haya, leo kona nzima ni hiyo.

Kwa ambao hamkuiona ile picha: koreopsisi ni ndugu wa alizeti, asili yake bara la Amerika, na hizi ninazozisema leo zote kwao ni Amerika ya Kaskazini, zinajiotea kando ya barabara, kwenye mbuga za nyasi, kwenye vichanga ambavyo hata maharage yangekataa. Ua lake ni njano ya kiini cha yai, petali mara nyingi ni 8, na ukilisogeza karibu na macho utaona ncha za petali zimekatika vijino vijino kama fundi cherehani kapitisha ule mkasi wake wa meno. Ni mmea wa kudumu, yaani juu panaweza kukauka kabisa ila chini pako hai, msimu ukigeuka panachipua tena. Kwenye pakiti utakuta zimeandikwa Coreopsis halafu jina la pili, na bustanini utakutana zaidi na tatu, lanceolata na grandiflora zenye majani marefu ya kawaida, na verticillata ambayo majani yake ni membamba kama nyuzi. Zingine zipo nyingi tu, zikiwemo za msimu mmoja, hizo tuziache leo.

Nimesoma barua zote, na nyingi zina ugonjwa mmoja. Mtauona wenyewe.

*Shangazi shikamoo. Mwanao nimefanya kila kitu. Nimechimba shimo la futi moja na nusu, nimejaza samadi debe zima, namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa hata siku nikiwa na mafua. Majani yamenawiri mpaka wapita njia wanasifia, mmea umenifika kiunoni, ila maua ni mawili tu na mashina yote yamelala chini kama watu waliotoka harusini alfajiri. Nimekosea wapi? — Mwenye Samadi*

Marahaba mwanangu. Umeipenda kupita kiasi.

Samadi ina naitrojeni, na naitrojeni kazi yake kubwa ni majani. Mmea ukishaonjeshwa shibe ya namna hiyo unajenga majani tu na mashina tu, haraka ya kutoa maua iko wapi wakati chakula kipo mezani? Afu shina lililokua mbio mbio hivyo linakuwa laini, limejaa maji, mvua moja ya jioni au upepo wa kawaida tu limelala na haliinuki tena. Kwao hii kitu haijawahi kuletewa ndoo na mtu, imezoea kutafuta, na ikitafuta inabaki fupi, ngumu, lanceolata kwa mfano mwili wake wa kawaida ni sentimita 30 hadi 60 hivi, sasa ya kwako imefika kiunoni hapo ujue tumeshatoka nje ya mstari.

Usione haya, mie mwenyewe nilimaliza tuta zima hivyo hivyo. Nilikuwa na mboji yangu ya miezi minane, nyeusi, inanukia kama msitu, nikaona roho mbaya kuwapa nyanya halafu maua yakae yananiangalia, nikamwaga. Zikapanda juu, zikaanguka, nikazifunga vijiti na kamba mpaka tuta likafanana na wodi ya walioanguka na pikipiki. Na wakati huo huo kuna mche mmoja ulijiotea kwenye ufa wa sakafu uani, hakuna aliyeumwagilia, watoto wanauruka na baiskeli, una maua 19. Niliyahesabu nikiwa na hasira zangu.

Sasa fanya hivi. Samadi acha kabisa, usiongeze hata kiganja, na mbolea ya dukani nayo usiiguse. Chukua mkasi mkali ukate mmea wote, ondoa nusu ya urefu, utaumia roho lakini kata, utachipua mashina mapya mafupi na hayo ndo yatakayobeba maua. Maji ya asubuhi na jioni simamisha leo. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, ukikuta ubichi ondoka na ndoo yako. Mche mchanga ndo unahitaji maji ya uangalizi, yale majuma ya mwanzo mpaka mizizi ishike, baada ya hapo mmea uliokomaa unamwagilia kukiwa na ukame wa kweli, ukimwagilia mwagilia kwa kushiba mara moja na sio vikombe vikombe kila siku, manake vikombe vinaifundisha mizizi kukaa juu juu. Na kama hilo shimo limejaa samadi kiasi unachosema, msimu wa kupanda ukifika ng'oa uihamishie pembe mbovu ya kiwanja chako. Najua unayo, kila mtu anayo.

*Habari Shangazi, yangu ipo chini ya mti, mahali pazuri pana kivuli na nimepatengeneza benchi. Inatoa maua machache na imerefuka inajipinda kuelekea barabarani. — Kivulini*

Inakimbia huko, inafuata jua. Koreopsisi inataka jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku na kuendelea, hilo la kuchujwa na majani ya mti silihesabu. Siku moja ya mapumziko kaa kwenye hilo benchi lako, kila baada ya saa moja angalia kama jua limegusa lile eneo, andika, mwisho jumlisha. Ikifika 6 nilaumu mie. Haijafika, ihamishe, na hapo chini ya mti weka kitu cha kivuli. Benchi libaki.

*Dada Shangazi salaam. Udongo wangu ni mfinyanzi mweusi, mvua ikinyesha unateleza na jua likiwaka unapasuka. Nimepanda koreopsisi mara ya pili sasa, inakwenda vizuri tu, ikija mvua ya siku tatu nne mfululizo inanyauka ghafla kama haina maji wakati maji yamejaa pale pale. Nikiongeza maji ndo kabisa. — Tope Jeusi*

Salaam kaka. Hapo kwenye "nikiongeza maji" nimeshika kichwa.

Mmea unanyauka kwenye maji kwa sababu mizizi imekosa hewa. Udongo ukijaa maji hewa yote inatoka, mizizi inakaba, inaanza kuoza, ikishaoza haiwezi kupandisha maji juu, kwa hiyo majani yanalegea kama ya mmea wenye kiu na mtu mwenye huruma anakimbilia ndoo. Ng'oa mmoja uangalie pale mashina yanapokutana na mizizi, paminye kwa dole gumba. Pakiwa pagumu na peupe ukikwangua, una bahati bado. Pakiwa peusi, laini, pana harufu ya dimbwi, tupa, na usitupie kwenye mboji.

Watu wanasikia mmea huu ni mgumu wanadhani ugumu ni wa kila kitu. Baridi inaivumilia mno, hata nyuzi 30 chini ya sifuri ikiwa imelala chini ya theluji, jua kali inalivumilia, ukame inauvumilia, lakini maji yaliyotuama miguuni haina hata dakika. Hata kwenye nchi za baridi kali wakulima wa maua watakwambia kinachoziua zaidi ni majira ya baridi yenye unyevu kuliko baridi yenyewe ikiwa kavu.

Kabla hujapanda mara ya tatu pima udongo wako. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena, halafu weka kijiti chenye alama uone kwa saa moja yameshuka kiasi gani. Yakishuka sentimita 3 na zaidi panda tu kaka yangu. Yakikaa yanakuangalia, inua tuta, sentimita 20 juu ya usawa wa ardhi panatosha, changanya mboji na changarawe. Mboji safari hii nimekuruhusu kwa sababu inafungua mfinyanzi, sio kwa sababu ya chakula, na wala sio debe zima kwa mche. Mchanga mlaini usithubutu kuumwagia kidogo kidogo kwenye mfinyanzi, vikikutana hivyo viwili ni tofali. Na ukipanda, shingo ya mmea ikae usawa wa udongo au juu kidogo, usiifukie, matandazo nayo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, yaishie kiganja kimoja kabla ya kugusa mashina.

*Shangazi, nilipewa bahasha ya mbegu za koreopsisi. Nilipoimimina mezani mke wangu alipiga kelele akakimbilia dawa ya kunguni. Tukacheka, nikazipanda, nikazifukia vizuri kina cha kidole. Mwezi umeisha hakuna kitu. Au nilipewa kunguni kweli? — Baba Bahasha*

Mpe shemeji pole na umwambie ana jicho la kisomi. Hilo jina Coreopsis limetoka kwenye maneno mawili ya Kigiriki, moja ni kunguni na la pili ni mwonekano, yaani waliolipa jina waliangalia mbegu kama alivyoangalia yeye, wakaona kitu hicho hicho. Kambegu kadogo, bapa, keusi kana kahawia kwa mbali, kamejikunja kidogo na pembeni kana kiwigo chembamba kama bawa. Kitandani usingekalalia.

Kosa ni hicho kina cha kidole. Mbegu hizi zinataka mwanga ndo ziamke. Unalainisha udongo kwenye trei, unaumwagilia kwanza, unazitawanya juu, unazigandamiza kwa kiganja zigusane na udongo basi, hamna kufukia. Ukiogopa upepo vumbi jepesi la kupepetea juu linatosha, ile ya bado naziona. Mahali pawe na joto la nyuzi 18 hadi 24, udongo usikauke, maji unyunyize kwa chupa yenye tundu ndogo maana ukimwaga kwa kikombe zote zitahamia pembeni. Wiki mbili, tatu, utaona. Zikiwa na majani manne ya kweli zihamishie kwenye viriba, baadaye shambani, nafasi ya sentimita 30 hadi 45 kati ya mmoja na mwingine.

Usitegemee maua mengi mwaka wa kwanza lakini, lanceolata nyingi za mbegu mwaka wa kwanza zinajenga mwili tu. Mwenye haraka atafute ile grandiflora inayoitwa Early Sunrise, hiyo ilipata tuzo ya All-America Selections, ile ya Marekani ya mimea mipya bora, mwaka 1989 na sifa yake kubwa ni hiyo hiyo, unapanda mbegu na mwaka huo huo unaona maua.

*Shikamoo Shangazi. Uliandika tukate maua yaliyozeeka. Nimekata, wiki nzima baadaye hakuna ua hata moja, dada yangu ananicheka anasema nimekata matumba. — Mkasi Mkononi*

Marahaba. Dada yako huenda amesema kweli, na sio wewe wa kwanza, hii inawapata wengi sana kwa sababu tumba la koreopsisi na ua lililodondosha petali vinafanana kama mapacha kwa mbali, vyote ni vijiduara vya kijani juu ya kijiti. Tofauti ipo kwenye vidole. Tumba juu limelala bapa, la mviringo, ukiliminya ni gumu na lina mng'ao. Lililozeeka kichwa chake kimechongoka kidogo, rangi imeanza kwenda kwenye ukahawia, na ukiliminya linabonyea, mara nyingine linatoa majimaji. Minya kumi hivi asubuhi moja, baada ya hapo hutahitaji hata kuangalia.

Na ukikata usikate kichwa tu ukaacha kijiti kimesimama uchi, shuka nacho mpaka jani la kwanza au mpaka chini kabisa kama hakina jani, lanceolata wana tabia hiyo ya vijiti virefu vitupu. Verticillata usijisumbue kuokota kimoja kimoja, utazeeka wewe kabla yao, maua yale ni madogo na ni mamia, subiri wimbi la kwanza lipungue halafu shika mkasi mkubwa punguza theluthi moja ya mmea wote kama unamnyoa mtoto. Utarudi na maua.

*Walisema mmea wa kudumu. Mwaka wa kwanza vizuri, wa pili vizuri sana, wa tatu katikati pamekufa pamebaki upara na vimajani pembeni. Kudumu gani huko? — Nimeibiwa*

Hujaibiwa ila hukuambiwa yote. Kudumu kwa mimea ya maua sio kudumu kwa mwembe. Grandiflora hasa ina maisha mafupi, inatoa maua kwa fujo miaka miwili mitatu halafu imechoka, na huo upara wa katikati ni dalili ya kawaida kwamba shina limezeeka na nguvu yote imehamia kwenye watoto wa pembeni.

Kwa hiyo kila mwaka wa pili au wa tatu, mvua zikianza au kwa wenye majira ya baridi, baridi ikiisha, unachimba fundo zima, ingiza jembe au uma kwa mbali kidogo usikate mizizi, inua, kung'uta udongo. Lilaze juu ya gunia. Utaona lenyewe linakuonyesha pa kugawa, kuna vikonyo vyenye majani yake na mizizi yake myeupe, hivyo vinaachana kwa mikono tu, pagumu tumia kisu. Ile ya katikati iliyokuwa kama kuni tupa bila huruma. Kila kipande kiwe na machipukizi matatu manne, kipande siku hiyo hiyo kirudi ardhini. Fundo moja likikupa vipande vitano umepata mimea mitano ya bure, sasa mwizi ni nani hapo?

Verticillata inatambaa taratibu chini kwa chini na inakaa miaka mingi zaidi, kama huna mikono ya kugawa gawa chukua hiyo. Moonbeam ni ya kundi hilo, njano ya maziwa, Chama cha Mimea ya Kudumu cha Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka 1992. Ila hiyo usitafute mbegu zake, inazalishwa kwa kugawa au kwa vipandikizi.

*Majani yana unga mweupe na juu kuna vidukari. Nipige dawa gani? — Haraka Tafadhali*

Unga huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unapenda mimea iliyosongamana isiyopitisha hewa. Kata majani yaliyoshikwa, punguza msongamano, maji mwagia chini na sio juu ya majani, na asubuhi badala ya jioni. Vidukari pigia maji ya mpira kwa nguvu siku tatu mfululizo, wakirudi maji ya sabuni kidogo, chini ya majani hasa. Dawa kali sijakuandikia na siandiki, nyuki wanashinda kwenye hayo maua kutwa.

*Bi Shangazi, jirani yangu amesoma sehemu kwamba koreopsisi imepigwa marufuku huko Japani, ananiambia nang'ang'ania magugu. Mimi na yeye tumewekeana chai na vitafunio, nani analipa? — Mdai Chai*

Gawaneni. Jirani yako hajatunga. Japani waliileta kama ua, ikapandwa sana kando ya barabara na kwenye kingo kwa sababu haihitaji matunzo, halafu ikatoka huko ikaingia mitoni na kwenye nyasi, ikaanza kusukuma mimea ya kwao. Mwaka 2006 wakaiweka lanceolata kwenye orodha ya viumbe wageni waharibifu, kwa hiyo kule kuipanda, kuiuza na hata kuisafirisha ikiwa hai ni kosa. Wakati huo huo Florida, huko Marekani ambako ni kwao, jamii nzima ya koreopsisi ndiyo ua la porini la jimbo tangu 1991.

Kwa hiyo ugumu huu tunaousifia tangu barua ya kwanza, mahali pengine ndo shitaka lenyewe. Unachofanya ni kuangalia nje ya uzio wako. Nje kukiwa na nyumba na lami, mwisho wa msimu acha vichwa vichache vikauke, chiriku na wenzao wanakuja kuning'inia kwenye vijiti wanadonoa mbegu, ni sinema ya bure. Nje kukiwa na mto, mbuga au pori, kata kila kichwa kabla mbegu hazijakauka na miche inayojiotea ing'oe ikiwa midogo, au panda Moonbeam ambayo kwa mbegu haina ujanja. Na anza kwa kuuliza sheria ya mahali ulipo kabla hujaagiza mbegu kutoka mbali, hilo halina mjadala.

*Sina kiwanja, nina baraza na chungu kimoja. Inawezekana? — Ghorofani*

Inawezekana sana, chukua aina fupi, chungu cha upana wa sentimita 30, cha udongo kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua. Kitobolewe chini, tundu tatu na sio moja, na usikiweke juu ya sahani inayoshika maji. Kwenye chungu udongo unakauka haraka kuliko ardhini kwa hiyo kidole chako kitafanya kazi zaidi, labda kila siku mbili kwenye joto. Na usiku ule utakaopitiwa na huruma ukataka kuiongezea kijiko cha mbolea, mpe jirani.